Mtumaji ni Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Blanketi limekwisha. Miezi mitano mke wangu amelifuma kwenye kiti kile kile cha dirishani, sufi nyeupe yenye mstari wa kijani pembeni. Leo baada ya chai akakata uzi wa mwisho kwa meno, akalikunja mapajani, akalitazama kama mtu anayeaga. Binti yetu anajifungua wiki ya mwisho ya mwezi huu, huko ng'ambo, kwenye baridi ambayo anasema inauma mpaka meno. Mjukuu wa kwanza. Blanketi lazima lifike kabla yake.

Nimepewa kazi ya kulipeleka posta. "Blanketi tu, baba watoto," akasema. Akalirudia neno "tu" mara tatu, mara ya mwisho akiwa amenishika mkono. Miaka ishirini na saba ya ndoa, na mtu bado hana imani.

Bwana Risiti alikuwepo, maana siku hizi hakosi. Huyu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, karani mstaafu wa ghala. Anatunza risiti ya kila kitu alichonunua tangu aoe, zimetobolewa na kufungwa kwa kamba, mwaka kwa mwaka. Akasema kesho na yeye anakwenda posta kupeleka chupa za kunyonyeshea, kwa hiyo apewe na blanketi avipeleke pamoja. Nikamjibu ahsante shemeji, nyumba hii ina mwanamume. Akasema analijua hilo, ndiyo sababu amejitolea.

Nimefikiri. Blanketi ni la bibi. Chupa ni za mjomba. Babu yuko wapi katika habari hii? Mimi ni fundi saa, mwaka wa thelathini na moja kwenye benchi langu. Ninayo saa ya ukutani niliyoitengeneza mwenyewe, ya kutia ufunguo, na kasha lake nimelichonga kutoka kwenye ubao wa kitanda cha marehemu mama yangu. Ilikuwa ikimsubiri mtu. Sasa mtu anakuja. Wiki iliyopita nilimwambia binti kwenye simu agonge msumari ukutani, juu ya kitanda cha mtoto. Akauliza wa nini. Nikasema agonge tu.

Saa itasafiri ndani ya blanketi. Nitaongeza chupa ya asali ya mizinga yangu na pakiti ya mbegu za maboga. Mke wangu hana haja ya kujua mapema.

Jumanne, 4 Machi

Nimelifunga boksi kama fundi. Gundi ya kasha la saa kwenye kila kiungo, selotepu tabaka nne, kamba ya katani juu yake. Unaweza kuliangusha kutoka ghorofani.

Dirisha namba tatu, vifurushi vya nje. Karani ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Akaligonga boksi kwa kidole, akaniambia nilifungue. Nikamwambia limeshafungwa. Akanionyesha tangazo ukutani: kifurushi cha nje kiletwe wazi, kikaguliwe, ndipo kifungwe. Nikamuuliza tangu lini raia mwema anapeleka zawadi kwa mwanawe ikiwa uchi. Akasema tangu kabla yeye hajaajiriwa, mzee wangu, na nyuma yako kuna watu kumi na wawili.

Basi tukafungua. Yaani tulijaribu. Kisu chake kikavunjika ncha. Mkasi ukapinda. Mlinzi akaenda nyuma ya jengo akarudi na panga la kukatia majani, karani akamwambia alirudishe lilikotoka. Mwishowe akanisukumia boksi langu. "Gundi yako ni nzuri, baba," akasema. Ndiyo sifa pekee niliyopata leo katika jengo la umma.

Bwana Risiti alinifuata dirisha hilo hilo. Boksi lake wazi, fomu ameijaza nyumbani kwa herufi kubwa. Dakika tatu. Alipotoka alinipungia risiti.

Nyumbani boksi nimelifungua kwa msumeno. Blanketi salama. Mke wangu akauliza kama limeondoka. Nikasema posta kulikuwa na foleni. Si uongo. Foleni ilikuwepo, na mimi ndiye niliyeisababisha.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya fedheha kwa ofisi ya posta. Naiandika ikiwa bado ya moto.

Nilifika saa nne kasoro, boksi wazi kama walivyotaka. Karani akanipa fomu ya forodha. Fomu hii inataka kujua kila kitu: mtumaji, mpokeaji, vilivyomo, uzito wa kimoja kimoja, thamani. Hata mkwe wangu hakuulizwa hivyo alipoleta posa. Mahali pa vilivyomo nikaandika: Mapenzi ya babu.

Karani akaisoma, akaniuliza yana uzito gani. Nikasema mama, mapenzi hayapimiki. Akasema basi hayaendi, maana hapa kinachokwenda hupimwa. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema hata yake hayapimiki, ila yeye ameandika viatu. Foleni nzima ikacheka. Nikafuta, nikaandika: Zawadi mbalimbali. Karani akasema zitaje. Nikataja blanketi. Mengine nikayaacha kwa hiari ya msomaji.

Akaliweka boksi kwenye mizani. Akainamisha kichwa. Akainama zaidi. Akaniuliza polepole: "Mzee, humu ndani kuna nini kinachopumua?"

Sikuwahi kumjibu. Saa nilikuwa nimeitia ufunguo jana usiku na kuirekebisha kwa majira ya kule kwa binti, ili ikifika iwe inatembea sawasawa, hakuna wa kuhangaika nayo. Kwetu ilitimia saa nne. Kwa binti ilitimia saa mbili. Ikagonga mara nane, ndani ya blanketi, sauti nzito ya kutoka chini.

Ile foleni sijui ilipitia mlango gani. Mlinzi wa panga ndiye alikuwa wa kwanza kufika barabarani. Karani aliingia chini ya meza, na miwani yake ikakatika uzi, ikabaki juu ikining'inia kwenye mizani. Mimi peke yangu nilibaki nimesimama, nikihesabu. Nane kamili. Haijapoteza hata nukta moja.

Akatoka afisa wa forodha, bwana mnene mwenye sauti ndogo. Akafungua blanketi, akaitazama saa, akasema: "Ni saa." Kisha akaanza kutoa. Asali: majimaji, na tena imetoka kwa mdudu, haiendi. Mbegu: hazina cheti cha afya ya mimea, haziendi. Mbegu zangu zina afya kuliko yeye, nikamwambia hivyo. Akaniomba jina, akaliandika kwenye daftari jekundu.

Halafu akasema, bila hasira, kwamba blanketi halina tatizo. Nikiliacha hapo peke yake, linaondoka leo hii.

Nilikataa kwa msimamo. Tumefika pamoja, tutaondoka pamoja.

Alhamisi, 6 Machi

Duka nimelifunga. Nimekwenda kusimama mbele ya ubao wa matangazo wa posta, mlangoni, nisikoweza kuonekana kutoka dirisha namba tatu, nikanakili kanuni zote kwa mkono. Arobaini na moja. Mlinzi alikuwa ananitazama mifukoni.

Nimezisoma kwenye benchi mchana kutwa. Nasema kama mtu aliyesoma vitabu vya maana maishani mwake: huu ni uandishi mbovu. Kanuni ya tisa inataka kifurushi kifungwe imara. Ya kumi na nne inataka kiwe rahisi kufungua. Aliyeandika ya tisa hakuwahi kukutana na aliyeandika ya kumi na nne, na kama walikutana walipigana. Ya saba inakataza vitu vya majimaji. Asali yangu si majimaji. Ukiinamisha chupa asubuhi inamwagika jioni. Nimemwandikia Meneja barua ya kurasa sita. Nimeanza na historia ya posta duniani ili ajue anajibizana na nani.

Mke wangu akauliza tena. Nikasema mambo yanakwenda. Akasema hakuuliza mambo, ameuliza blanketi. Siku zimebaki ishirini, akasema, na ndege si punda, haitakusubiri ukigombana nayo.

Kuhusu siku hajakosea. Kwa hiyo mkakati mpya. Kwanza, jina langu liko kwenye daftari jekundu, kwa hiyo jina langu lisitumike. Pili, dirisha namba tatu si dirisha pekee duniani. Iko posta ndogo karibu na soko. Tatu, nahitaji jina ambalo posta nzima inaliamini.

Nimejizoeza sahihi ya Bwana Risiti kwenye karatasi mbili. Si ngumu. Mtu huyu ameandika maisha yake yote kama anayeogopa kutoka nje ya mstari.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi!

Asali niliihamishia kwenye makopo matano ya rangi ya viatu, yameoshwa vizuri. Kopo la rangi ya viatu hakuna anayelitilia shaka. Mbegu nimezipanda uani, yaishe. Saa nimeiacha imalize nguvu yote ya kamani, ile springi yake ya ndani, kimya kama maji mtungini.

Karani wa posta ndogo ni mgeni kazini, tai yake ndefu inafika chini ya meza. Nikamjazia fomu kwa herufi kubwa, kama shemeji. Blanketi la mtoto, moja. Saa ya ukutani ya mbao, moja. Rangi ya viatu, makopo matano. Akasoma akitembeza kidole. Kidole kikasimama. Akasema samahani sana mzee, rangi ya viatu inashika moto, hairuhusiwi kwenye ndege.

Ningesema nini? Kwamba asijali, si rangi, ni asali, ambayo nayo hairuhusiwi? Kati ya vitu vyote vya kufichia asali nimechagua kitu kilichokatazwa kuliko asali. Nikamwambia nimeelewa, nikayatoa makopo. Akayatazama, akavitazama viatu vyake, vumbi tupu. Nikampa kopo moja kwa heshima. Heshima hiyo ilimpendeza, maana mengine yote aliyapitisha haraka. Saa hakuigusa.

Jina la mtumaji: la Bwana Risiti. Anwani: ya Bwana Risiti. Simu: ya Bwana Risiti. Chini kabisa pameandikwa: nathibitisha kwamba maelezo haya ni ya kweli. Nikatia sahihi ya Bwana Risiti. Kwa hiyo mimi binafsi sijathibitisha chochote.

Kuna kisanduku kimoja cha ajabu. Kifurushi kisipoweza kufikishwa, mtumaji anataka kirudishwe au kiteketezwe? Nikaweka tiki kwenye kiteketezwe. Mtu anayejiandaa kurudi hajaondoka.

Mhuri ukapigwa. Nilipotazama nyuma, karani alikuwa ameinama na kitambaa anafungua kopo. Nilikuwa nimeshavuka barabara.

Nikamwambia mke wangu limeondoka. Akaomba risiti. Nikasema iko dukani, salama. Imo ndani ya saa ya mteja, kwa kweli, maana ina jina la kaka yake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekula vizuri. Mke wangu anaimba jikoni. Bwana Risiti alipita jioni kusema kwamba chupa zake, kwa hesabu yake, sasa ziko angani. Nikamwambia shemeji, haziko peke yake. Akanitazama kwa mashaka. Nikamwongezea chai.

Kwamba mtu anaweza kufanikiwa mbele ya serikali kwa akili yake tu, hilo wangepaswa kulifundisha shuleni.

Jumatatu, 10 Machi

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi sikuficha maradhi, nilificha saa, lakini kilio kimekuja.

Saa kumi jioni Bwana Risiti akaingia bila kubisha hodi. Mtu ambaye hubisha hodi hata kwake. Akakaa. Akatoa daftari lake, maana alikuwa ameandika. Akasema leo amepigiwa simu mbili. Ya kwanza, posta ndogo. Wanamuuliza kwa nini amempaka mtumishi wa umma asali kwenye viatu, na kama anajua kwamba mtumishi huyo alitembea hadi nyumbani akifuatwa na nyuki. Ya pili, posta kuu. Kifurushi chake chenye saa ya mbao kimezuiwa, maana mbao ina matundu, na katika ukaguzi ametoka mdudu mmoja, hai, karibu na namba nne. Kufuatana na maelekezo aliyoyatoa mtumaji mwenyewe, kifurushi chote kitateketezwa keshokutwa saa sita mchana.

"Chote," akarudia, kwa kuwa ni mtu wa kunukuu sawasawa.

Akasema yeye hana saa ya mbao. Akasema pia hapendi asali.

Mke wangu alikuwa mlangoni ameshika sinia. Akaliweka chini taratibu sana. Akaniuliza kama blanketi limo humo. Nikaanza kueleza kuhusu kanuni ya tisa na ya kumi na nne. Akaniuliza tena, kwa sauti ile ile. Nikasema limo.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Akanionyesha kidole chake cha shahada, pale sindano ya kufumia ilipokaa miezi mitano pakawa pagumu kama ukucha. Akasema: "Hiki ndicho ulichokiwekea tiki." Akaingia ndani.

Nikamwambia shemeji yale matundu ni ya kutolea sauti. Akasema aah.

Kabla hajaondoka mke wangu akarudi, akatutazama wote wawili kama watoto waliovunja kitu kimoja. Akasema kesho asubuhi tutakwenda pamoja. Na mimi nikirudi bila risiti, niangalie mahali pengine pa kurudi.

Jumanne, 11 Machi

Tumekwenda posta kwa miguu. Bwana Risiti amevaa koti. Amebeba fomu mpya mbili, moja ya akiba.

Dirisha namba tatu. Karani akaniona, akaivaa miwani, akaivua tena. Mlinzi akasogea karibu na mlango. Yule afisa wa forodha akatupeleka chumba cha nyuma. Kifurushi kiko mezani. Pembeni yake mdudu yuko kwenye chupa yenye kifuniko, na chupa imewekewa lebo. Lebo ina jina la Bwana Risiti.

Afisa akauliza nani kati yetu ni mtumaji. Akasema anauliza kwa sababu kusaini fomu ya forodha kwa jina la mtu mwingine ni kosa linalopelekwa kwingine, si hapa. Alipokuwa anasema hayo aliangalia daftari jekundu, halafu akaniangalia mimi.

Nilifungua mdomo. Hotuba nilikuwa nayo, niliipanga njiani, ilikuwa inaanza na haki za raia. Nikaufunga mdomo.

Bwana Risiti hajawahi kuandika uongo kwenye karatasi yoyote. Najua, nimeziona zote. Akanitazama muda mrefu, kama anayepiga hesabu isiyolingana. Kisha akasema: "Kifurushi ni changu." Afisa akamuuliza na hii sahihi. Akasema ni yake, siku hiyo mkono ulikuwa unauma.

Saa ikatolewa, nikakabidhiwa mimi. Blanketi likakung'utwa mara tatu, likatazamwa kwenye mwanga, likakutwa safi. Bwana Risiti akaandika: Blanketi moja la mtoto, sufi, limefumwa kwa mkono. Zawadi. Kwenye kile kisanduku akaweka tiki: kirudishwe. Nikauliza kama jina la mtumaji linaweza kubadilishwa kuwa la mke wangu. Karani akasema linaweza, kwa kuanza usajili upya, na mfuko wa ndege ya leo unafungwa baada ya nusu saa. Basi likabaki la shemeji. Karani akafunga, akapima, akapiga mhuri. Tangu tuingie mpaka tutoke, dakika ishirini, na kumi kati ya hizo ni za mdudu.

Wakati natoka, karani akaniita. Akasema baba, ile saa ni nzuri, na inaweza kwenda. Nivuke barabara, jengo la pili, pale wanaipiga mbao dawa na kutoa cheti. Siku tatu. Nirudi na cheti, iwe haijatiwa ufunguo, yeye mwenyewe ataipokea. Nikamshukuru. Ni mtu mwema aliyefungwa katika mfumo mbaya.

Njiani nilimwambia Bwana Risiti ahsante. Akaniambia shemeji, nilichofanya leo sina mahali pa kukifaili. Halafu akanipa risiti nimpelekee dada yake.

Mke wangu ameisoma mara mbili, ameiweka kifuani, na amenipa chakula. Kidogo, lakini amenipa.

Jumatano, 26 Machi

Ni msichana!

Amezaliwa juzi jioni. Mama mzima, mtoto mzima. Na blanketi lilifika juzi hiyo hiyo asubuhi, tarishi alilikabidhi mlangoni wakiwa wanatafuta funguo za kwenda hospitali. Mjukuu wangu ametoka hospitali ndani ya mstari wa kijani. Mke wangu alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye kizingiti, na simu sikioni.

Binti akaongea na mama yake, akalia, akacheka. Kisha akasema: "Mwambieni mjomba ahsante sana. Mama, mimi sikujua kabisa kwamba mjomba anafuma!"

Mke wangu akanitazama. Nikatazama dari. Halafu akaanza kucheka, kwanza polepole, kisha mpaka akashika nguzo ya mlango. Nikamwomba amrekebishe mtoto. Akanipa simu, akasema aliyeandika ndiye afute.

Nikamweleza binti. Nilianza mwanzo, ili aelewe: kanuni ya tisa, kanuni ya kumi na nne, posta ndogo, tai ya karani. Akasema amenielewa, blanketi ni la mama, na mjomba ndiye aliyegharamia. Nikasema si hivyo. Akasema nimwambie mjomba, Mungu ambariki.

Bwana Risiti amekuja jioni. Habari alikuwa nazo, binti amemwandikia. Amekaa kwenye kiti cha dirishani, kile cha kufumia, mguu juu ya mguu. Mke wangu akamuuliza kaka, utamfumia nini kingine. Akasema anafikiria soksi.

Baadaye ikaja picha. Mtoto amelala, ngumi moja shavuni, blanketi mpaka kidevuni. Paji la uso ni la mama yangu kabisa. Nilipoisogeza karibu nikaona ukuta juu ya kitanda. Msumari. Ameugonga, mrefu, umesimama sawasawa. Hakuna kilichoning'inizwa. Chini ya picha binti ameandika: Baba, msumari bado unasubiri. Ulikuwa wa nini?

Nikajibu kwamba mtandao unasumbua.

Ijumaa, 28 Machi

Siku mbili nimetazama ule msumari kwenye simu. Leo nimepita mbele ya jengo la pili ng'ambo ya barabara. Kuna mtu mmoja mlangoni na pampu ya dawa mgongoni, anasoma gazeti, hana foleni. Akanisalimia. Akaniuliza nina mbao. Nikasema hapana, napita tu.

Siku tatu, cheti, dirisha namba tatu, saa inafika. Kila asiye na akili anaweza kufanya hivyo. Niende nikapige magoti mbele ya kanuni ya ishirini na mbili, ile ya cheti cha mbao, mimi niliyeisoma na kuikosoa? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nimesoma upya kanuni zote arobaini na moja. Zote zinahusu vifurushi. Bahasha hazikutajwa popote. Mchana nimeifungua saa yote juu ya benchi: magurudumu ya meno, kamani, mishale miwili, ufunguo, na kasha la mama nimelitenganisha mbao kwa mbao. Bahasha ishirini na tisa, moja kila siku, kutoka masanduku tofauti ya barua. Maelezo ya kuunganisha yatakuwa kwenye bahasha ya thelathini. Binti hajawahi kushika bisibisi, lakini damu ya fundi haipotei.

Ya kwanza nimeipeleka leo, ubao mmoja mwembamba, wa upande ule wa namba nne. Pembeni nimeandika kilichomo: rula. Unga kidogo wa mbao, wa kutoka kwenye yale matundu, ulikuwa umemwagika ndani ya bahasha. Nimeupuliza. Mdudu mwenyewe wamebaki naye wao kwenye chupa, kwa hiyo mbao sasa ni safi.

Mtumaji ni Bwana Risiti. Posta nzima inamwamini. Na ingawa bahasha haiulizi nini kifanyike ikishindwa kufika, sikusita, nimeandika kwa herufi zake kubwa: ITEKETEZWE. Mtu anayejiandaa kurudi hajaondoka.